Mtoto wa Wifi

1

Geti la watoto lilikataa kufunguka asubuhi, saa ambayo Tunduma nzima iko barabarani na hakuna jambo linaloweza kutokea likakosa mashahidi. Mapalo alisimama mbele yake ameikumbatia hotipoti ya bluu, akarudi nyuma, akasogea tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba alimozaliwa. Geti kimya. Watoto wenzake walipita kushoto na kulia, kila mmoja akinyoosha mkono wenye ushanga na nguzo zikimkaribisha, wakavuka kwenda shule za Nakonde huku wakigombana njia nzima.

"Mama, limelala," Mapalo aliita.

Enesi alikuwa anageuza samaki. Genge lake la chakula lilitazamana na mpaka uso kwa uso, na hiyo ndiyo iliyomwokoa kibiashara malori yalipoanza kujiendesha yenyewe na madereva, wateja wake wa zamani, wakaisha mjini kama mvua ya masika. Lori halili ubwabwa. Lakini mafundi wa malori wanakula, makarani wa forodha wanakula, na zaidi ya chakula watu walifuata habari: nani kaachwa, nani kajenga, nani karudi kutoka ughaibuni kimyakimya na begi moja. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya genge, na hakuna aliyejua kwa hakika ni watu wangapi wanalala humo, Enesi mwenyewe akiwamo.

"Ligonge kidogo," alijibu bila kugeuka. "Huenda nalo limeamka vibaya."

Yusta, muuza chapati wa meza ya jirani, ndiye aliyeona kwanza. Yusta huona kila kitu kwanza. Kama kuna mtu Tunduma anayeshona nguo mpya, Yusta anaijua rangi kabla ya fundi.

"Enesi, hebu mwangalie mtoto mkononi."

Ushanga wa Mapalo, ambao siku zote ulikuwa wa kijani kama jani la mgomba, ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, kama yai lililomenywa. Enesi alitoka na mwiko mkononi, akaushika ule ushanga, akautemea mate, akaufuta kwa kanga. Ukabaki vilevile.

"Unauma?"

"Hauumi. Umepoa tu," Mapalo alisema. Alikuwa na miaka sita na uso wa mtu anayetaka kuelezwa. "Ubwabwa wa mama Tamali utapoa pia."

Kila siku ya Mungu mtoto huyo alivuka na hotipoti kwenda kwa Tamali, wifi yake Enesi, upande wa Zambia, na jioni hotipoti ikarudi na chikanda, ile keki ya mizizi ambayo Wazambia wanaipika na Watanzania wanaimaliza. Kati ya mawifi wale wawili chombo hakikuwahi kurudi kitupu. Mapalo alizaliwa na Tamali, akanyonyeshwa na Enesi pamoja na mwanawe mwenyewe, akalala Tunduma, akasoma Nakonde, akaita wote wawili mama, na hajawahi kuona ugumu wowote katika jambo hilo.

Watu walikwisha kujaa. Fundi mmoja alisema ushanga umeisha chaji. Mwingine akasema ushanga hauna chaji, unakula joto la mtoto mwenyewe. Mama mmoja wa kupita, ambaye hakuna aliyemjua, alimvuta mwanawe mbali kidogo, kama watu wanavyomkwepa mwenye surua. Enesi aliliona hilo, akamvuta Mapalo karibu na kanga yake.

"Bibi Dunia hakosei," Yusta alisema polepole, na sauti yake haikuwa ya umbea. "Nenda kwa Kanuti. Nenda sasa hivi, hao samaki nitawageuza mimi."

Bibi Dunia ndivyo mtaani walivyouita mtandao wa ushanga. Jina lake rasmi lilikuwa refu, limeandikwa kwa lugha nyingi kwenye ukuta wa kituo cha mpakani, na hakuna aliyewahi kulimaliza. Nchi karibu zote za dunia zilikuwa zimegombana mezani kwa miaka, zikaafikiana jambo moja: mtoto akiwa na ushanga, kila geti, kila bandari, kila mlango wa ndege umjue mlezi wake, na usimpitishe na mtu mwingine. Yusta hakuhitaji kusomewa mkataba. Mjukuu wake aliwahi kuchukuliwa na mtu aliyejiita mjomba, akafichwa kwenye lori la vitunguu, na bandari moja ya mbali, upande wa pili wa Afrika, ikakataa kulifungulia lori lile hadi mtoto alipotolewa. Alirudi kwa ndege, amenenepa, na akaikataa chapati ya bibi yake kwa siku kadhaa. Mtu akimsema vibaya Bibi Dunia mbele ya Yusta, anakula kwingine.

2

Kanuti, afisa wa ustawi wa watoto, alikuwa mteja wa Enesi wa kila mchana, na kwa kawaida Enesi akimwona humwuliza kama tumbo lake linaomba uraia wa nchi ya pili. Siku hiyo hakuuliza. Kanuti naye hakumtania. Alimpa Mapalo kiti kinachozunguka ili ajishughulishe, halafu akamwita Enesi pembeni.

"Mama Enesi, unaikumbuka Siku ya Kutamka?"

Angeisahau vipi. Alivaa kitenge kipya. Ushanga hausikilizi maneno. Hilo nchi zililipigania sana, kwamba chombo kisikae mkononi mwa mtoto kikichukua siri za nyumba za watu. Kazi yake ni kuhisi moyo, joto na hofu, basi. Maneno husikilizwa siku moja tu, kwenye chumba cha mviringo wanachokiita Sikio, ambamo walezi husimama na kuulizwa swali moja.

Kanuti aligusa ukuta, na ukuta ukaanza kuongea.

*Huyu ni mtoto wa nani?* Ilikuwa sauti ya Bibi Dunia, ya mama mtu mzima, isiyo na haraka.

*Ni wa wifi yangu huyu,* ilijibu sauti ya Tamali. *Mimi nilizaa tu. Yeye ndiye mama.*

*Acha hizo, wifi.* Enesi alijisikia mwenyewe, anacheka. *Ni wa kwake, Bibi. Mimi namshikia tu.*

*Wako.*

*Wako, bwana.*

Halafu kicheko cha wawili, na mlio wa bangili, maana walikuwa wakisukumana kwa mabega.

"Sasa kuna ubaya gani hapo?" Enesi aliuliza.

"Ulitaka kusema nini pale?"

"Nilisema nilichosema. Kanuti, baba, mtu unasimama mbele ya aliyezaa, unaanza kusema 'wangu, wangu'? Utakuwa mtu wa namna gani? Na yeye atasemaje 'wangu' mbele ya mtu aliyemnyonyeshea? Hata wewe mama yako alikufundisha."

"Alinifundisha." Kanuti alipangusa uso. "Lakini Bibi Dunia hakulelewa na mama yangu. Sikio linapima uzito wa sauti. Mtu akisema neno asiloliamini, linajua. Mngekuwa mnadanganya, ingekuwa nafuu, lingewaita tena. Shida ni kwamba mlikuwa mnasema kweli. Wote wawili. Wewe uliamini kabisa moyoni kuwa ni wa Tamali, na Tamali akaamini kabisa kuwa ni wako. Kwa hiyo mtoto amesimama mbele ya walezi wake, na wote wamemkataa kwa moyo safi."

"Nani kamkataa nani?"

"Ndivyo ilivyo kwenye mtandao. Ushanga ulisubiri uone kama kuna atakayebadilika. Muda umeisha. Na sasa," alisema, akishusha sauti ingawa Mapalo alikuwa anazunguka kwenye kiti na hasikii kitu, "mtandao umemtafutia kwao. Kuna familia Uruguai. Watu wazuri, Mama Enesi, nimewaona. Ndege ni kesho kutwa."

Enesi alitafuta kitu cha kushika, akashika mwiko wake. Kumbe alikuja nao.

"Uruguai ndiyo wapi?"

"Ng'ambo ya bahari ile nyingine. Kule kwenye mpira."

Kichwa cha Enesi kilikuwa soko siku ya gulio, kila wazo linapiga kelele bei yake. Waandikeni wote wawili basi, alisema. Kanuti akatikisa kichwa: nyumba mbili, nchi mbili, mtoto mmoja anayevushwa kila siku na mashangazi, huo ndio ulikuwa mchezo wa wale wezi kabla ya mtandao, na nchi zilikubaliana uzibwe pasipo na upenyo hata wa sindano. Nihamie kwa wifi, basi. Bibi Dunia anataka kwanza kuona mwaka mzima wa paa moja, akajibiwa. Nenda ukawaambie sisi ndivyo tulivyo. Nimewaambia, Kanuti alisema, na mwenzangu wa upande wa Zambia amewaambia, tumeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Wametusikiliza, wametushukuru, wamesema watalijadili kwenye kikao cha mwaka ujao.

"Limebaki hili tu. Sikio litafunguliwa tena kesho mchana, mara moja. Mmoja wenu aseme ni wangu, na aamini anachosema, mwenzake akiwa amesimama pale anasikia."

"Na huyo mwenzake?"

Kanuti alimtazama Mapalo. "Anafutwa. Hamgusi mtoto, hamwiti, hafiki kwake, mpaka mtoto atimize miaka kumi na miwili na yeye mwenyewe atamke."

3

Nyumba ya Enesi ilipokea habari hiyo kama inavyopokea kila habari, yaani kila mtu aliingia na hakuna aliyetoka. Binamu walikaa kwenye mikeka, wapangaji wakasimama mlangoni, na ubwabwa uliokusudiwa wateja ukaliwa na washauri. Mmoja alipendekeza wamfiche mtoto Mbeya. Mwingine akauliza kama ushanga unaweza kuvuliwa kwa sabuni. Kulikuwa na mzee wa kodi ya nyumba aliyeshauri waende redioni, halafu akaomba maji ya kunawa.

Tamali aliingia bila hodi, kama siku zote. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, mjane wa Lameki, kaka yake Enesi aliyekufa Mapalo akiwa tumboni. Baada ya kujifungua Tamali aliugua. Si mwili, kichwa. Alimtazama mtoto bila kumwona, na siku moja Enesi alimfunga mtoto mgongoni akavuka naye. Tamali alipelekwa hospitali Lusaka, akakaa sana, akarudi mzima. Tangu hapo hawakuwahi kuzungumzia ugonjwa ule. Walizungumza kuhusu chikanda.

"Wifi, sema wewe," Tamali alisema alipokwisha kuelezwa. "Wewe ndiye uliyemlea."

"Nitasemaje? Sema wewe. Umemzaa."

"Nikisema mimi, utafutwa wewe. Nitamlaza wapi mtoto asiyejua kulala bila kelele za nyumba hii?"

"Na nikisema mimi utafutwa wewe. Atamwonyesha nani madaftari yake?"

"Haya, wameanza," Yusta alisema kutoka pembeni. "Ndiyo hayohayo yaliyotufikisha hapa. Adabu hizo zitampandisha mtoto ndege. Mtu hawezi kusema changu kwa moyo wote mpaka mtu amnyang'anye. Mimi nilimjua mjukuu wangu ni wangu siku ile alipoibwa, kabla ya hapo nilikuwa namwambia mama yake aje amchukue, anamaliza sukari."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Tamali hakucheka. Alimtazama Yusta kwa muda, kisha akatazama chini, akawa anachezea mfuniko wa hotipoti ya bluu.

Katikati ya hayo ukuta wa sebuleni ulilia mlio wa mgeni, na Enesi, kwa mazoea, akasema karibu. Mwanamke mwenye nywele za kijivu alitokea, amekaa jikoni kwake huko Uruguai, mikono juu ya meza kama mwanafunzi. Jina lake Grasiela. Mtandao ulimtafsiria kwa Kiswahili cha taarifa ya habari.

"Shikamoo mama," alisema, na hilo halikutafsiriwa, alilikariri mwenyewe. "Naomba radhi kuingia nyumbani kwenu. Niliambiwa kuna waliomjua mtoto. Sitaki aje kwangu kama mzigo usio na anwani. Naomba mnifundishe. Anakula nini?"

Enesi alitaka kumchukia. Alitafuta mahali pa kumshikia amchukie, akaona tu mama aliyekuwa na wasiwasi asije akakosea.

"Marahaba," alisema. "Anakula kila kitu isipokuwa mlenda. Nyama mkatie ndogondogo. Asubuhi usimsemeshe mpaka anywe chai."

"Na usiku akilia?"

"Halii. Anaongea usingizini, anauliza maswali. Wewe mwitikie tu ndiyo, atarudi kulala."

"Ndiyo," Grasiela alirudia, anajifunza. "Asante. Mna moyo mzuri sana."

Ukuta ulipozimika Enesi aligundua kwamba alikuwa amesimama, na kwamba alikuwa ameanza kumkabidhi mtoto. Hakuna aliyemlazimisha. Mgeni aliuliza, naye akajibu vizuri, kama alivyofundishwa. Akaogopa kinywa chake mwenyewe.

Tamali aliinuka. Mapalo alikuwa amelala mapajani mwake, akamhamishia kwa Enesi kwa uangalifu, kichwa kwanza. Akaichukua hotipoti, maana ilikuwa bado imejaa ubwabwa wake wa asubuhi.

"Tutaonana Sikioni, wifi," alisema, akatoka.

4

Sikio lilikuwa chumba cha mviringo, kuta zake rangi ya udongo wa kufinyangia, na ukikohoa sauti haikurudi. Mapalo alikaa katikati kwenye kigoda. Kanuti alisimama mlangoni. Sheria ilimtaka awepo na kumkataza kusema.

"Huyu ni mtoto wa nani?" Bibi Dunia aliuliza.

Walikuwa wamekubaliana Tamali aanze. "Ni wangu," Tamali alisema.

"Samahani, mama. Huamini hivyo."

Enesi akavuta pumzi. Usiku kucha alikuwa amejizoeza. "Ni mtoto wangu mimi."

"Samahani, mama. Huamini hivyo."

Kilichomchanganya Enesi ni kwamba alidhani anaamini. Alirudia, kwa nguvu zaidi, na Bibi Dunia akajibu vilevile, kwa upole uleule, kama muuguzi anayekuambia daktari hajafika. Kila alipofika kwenye lile neno, uso wa wifi yake ulikuwa pale mbele, na neno likakunja magoti kama mtu anayepita mbele ya wakubwa.

"Nitauliza mara moja zaidi," Bibi Dunia alisema. "Chukueni nafasi yenu."

Tamali aligeuka. "Mwambie basi ukweli. Mwambie nilipotoka hospitali nilifanya nini."

"Wifi, tumalize hili twende."

"Nilikuja kwako na kitenge kipya cha kumbebea. Nikasema nimepona, nipe mtoto. Ukasema ngoja aache kunyonya. Akaacha. Nikaja. Ukasema ngoja mvua ziishe. Mvua gani, Enesi? Miaka sita mvua inanyesha Tunduma peke yake?"

Hakuwahi kumwita kwa jina. Enesi alihisi kama amevuliwa kilemba mbele za watu.

"Ulikuwa hujatengemaa."

"Nani alisema? Wewe daktari? Wewe mpika maharage. Kaka yako alikufa ukataka kitu chake kibaki mikononi mwako, ukaniona mgonjwa, ukaona nafasi ni hapohapo. Halafu kila siku unaniletea ubwabwa. Ubwabwa, kama mwizi anayemlipa kidogokidogo mtu aliyemwibia ng'ombe. Yule aliyembeba mjukuu wa Yusta naye alijiita mjomba. Mna tofauti gani? Yeye alikuwa na lori."

"Tamali, mtoto anasikia."

"Asikie. Ajue aliibwa."

Enesi hakukumbuka baadaye kwamba aliamua kujibu. Kitu kilitoka tumboni, kikapita kifuani bila kuomba njia.

"Niliiba nini mimi? Nilimkuta amelowa tangu jana yake. Midomo imekauka. Nikakwambia wifi, mtoto, ukaniambia niondolee hiki kitu. Kitu, Tamali. Hukusema mtoto, ulisema kitu. Nikakiondoa. Nikakipa ziwa la mwanangu, mwanangu akalia njaa ili hiki kitu kiishi. Homa zake nimekesha nazo mimi. Meno yake yameotea kwenye bega langu, alama ninazo. Ulipokuja na kitenge chako kipya alikukimbia, akajificha nyuma yangu, na mimi nilifurahi. Umesikia? Nilifurahi. Ni wangu. Wewe huna mtoto hapa."



"Asante, mama," Bibi Dunia alisema. "Nimepokea."

Kwenye mkono wa Mapalo ushanga ulianza kubadilika, polepole, kama jani linalotoka, hadi ukawa kijani. Mtoto aliutazama, hakuwatazama wao.

Tamali alikaza kitenge kiunoni. "Unaona," alisema kwa sauti ya chini. "Neno lilikuwamo."

Akatoka, na hakugeuka nyuma, na kwa sheria ya nchi zote za dunia hakuwa tena mtu wa mtoto yule.

5

Ndege iliondoka bila Mapalo. Grasiela alituma salamu kwamba amefurahi mtoto amebaki kwao, na kwamba kitanda bado kipo, kwa mtoto mwingine yeyote. Enesi alizisikiliza salamu zile mara kadhaa, akashindwa kuamua kama anataka kumshukuru au kumwomba radhi.

Mtaani kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya Yusta ilisema Tamali ni malaika: aliyatafuta maneno makali makusudi, akamchokoza wifi yake mpaka neno likatoka, akajitoa yeye. Kambi ya mafundi wa malori ilisema hapana, mtu haigizi vile; yale yalikuwa yamelala kifuani miaka sita, yakapata mlango. Watu walibishana mpaka chakula kikapoa, na kila kambi ilimtazama Enesi ili awape ushindi. Enesi, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu aanze kuota meno, aliosha sahani.

Kanuti alikuja mchana, watu walipopungua. Alikula nusu, akaweka kijiko.

"Mama Enesi, Sikio lilimpima na yeye. Kila neno alilosema mle ndani. Limo kwenye kumbukumbu, na wewe kama mlezi una haki ya kujua. Alikuwa anaamini au alikuwa anakusukuma. Nikwambie?"

Enesi alimwongezea maharage ambayo hakuyaomba.

"Ukiniambia alikuwa anaigiza," alisema, "basi nimemfuta mtu aliyenipa mtoto mara mbili. Ukiniambia alimaanisha, basi nina mtoto wa kuiba, na umeshuhudia nikiapa kwamba nilifurahi. Sasa wewe uliyesoma, niambie, nichague lipi?"

"Mimi nimepewa tu nikuulize."

"Umeshauliza. Kula."

Mapalo alikuwa akicheza na mawe karibu na miguu yao. Siku hizi alisoma upande huu wa mpaka, na geti lilimfungukia akiwa ameshikana mkono na Enesi tu. Hata hapo, lilimkumbusha kwa adabu nyumba asiyoruhusiwa kufika. Alikuwa hajalia. Aliuliza tu maswali, sasa hata akiwa macho.

"Mama, mama Tamali alikuwa anatania?"

"Ndiyo," Enesi alisema, kama anavyomwitikia usiku.

Mtoto hakurudi kulala. Alimtazama. "Na wewe?"

Enesi alijifanya ameunguza kitu.

Jioni, alipokuwa anapanga vyombo, aliona nafasi tupu kwenye rafu, mahali pa hotipoti. Haikuwa imerudi. Alijua iko wapi. Ukisimama mwisho wa genge, kwenye mstari wenyewe, mlango wa Tamali unaonekana ng'ambo, baada ya duka la vocha na mti wa mpera. Akamshika Mapalo mkono wakaenda wakasimama pale. Ushanga ukapoa kidogo, Mapalo akausugua.

Tamali hakuonekana. Mlango ulikuwa wazi nusu, na moshi wa mkaa ulikuwa ukitoka nyuma ya nyumba. Lakini nje ya mlango, juu ya kigoda, ilikaa hotipoti ya bluu. Ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, mfuniko juu yake, na juu ya mfuniko limewekwa jiwe dogo ili upepo usiufungue.

"Ile ni yetu," Mapalo alisema.

Vitu viwili tu ndivyo watu huviweka nje ya mlango hivyo: kile wasichotaka kilale ndani ya nyumba yao, na kile walichomwandalia mtu wanayejua atakuja. Kwa mbali vinafanana kabisa. Enesi alijaribu kuona kama mfuniko umeinuka kidogo, kama kuna kitu ndani. Macho hayakumfikisha.

Yeye hakuzuiwa na geti lolote. Angeweza kuvuka asubuhi, angeweza kuvuka jana.

"Yusta," aliita, bila kuyatoa macho ng'ambo, "nishikie huyu mtoto."

"Nimshike mtoto wa nani?" Yusta aliuliza kutoka kwenye meza yake, kwa mazoea ya utani tu, halafu akatamani arudishe maneno, akainuka akaja.

Enesi akauweka mkono wa Mapalo ndani ya mkono wa Yusta, akaifungua aproni, akaikunja vizuri kama mtu anayekwenda ugenini, akavuka mstari.